Kanisa si Sarakasi?

"Kanisa si sarakasi." Maneno hayo yalisemwa katika kikao cha Baraza la Wazee usharikani kwetu, jioni moja baada ya Pasaka, na mjadala ukaishia hapo. Aliyezungumziwa hakuwepo. Alikuwa kijana wa miaka 22, mpiga tarumbeta wa kanisa tangu akiwa shule ya msingi. Asubuhi ya Pasaka, wakati wa wimbo wa kutokea, aliongeza sauti za juu ambazo hazimo katika noti. Kisha akashika tarumbeta kwa mkono mmoja, mkono wa pili akauinua, akazunguka mzunguko mmoja kamili bila kukosa hata sauti moja. Watoto walishangilia. Akina mama kadhaa walipiga vigelegele. Wengine tuliinamisha macho.

Tulikubaliana aambiwe aache mbwembwe, naye akaambiwa. Alisikiliza kwa adabu, akajibu, "Nimeelewa, Mchungaji," akaifuta tarumbeta ya kanisa, akairudisha kabatini. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo siku ile hatukulipa nafasi. Je, kuonyesha ufundi mbele za watu ni dhambi? Tukisema ndiyo, tutafanya nini na Zaburi ya 33, inayowaagiza wapigaji wapige kwa ustadi? Tutafanya nini na Bezaleli katika Kutoka 31, ambaye Mungu alimjaza Roho kwa ajili ya ufundi wa mikono? Tukisema hapana, tutafanya nini na onyo la Bwana wetu katika Mathayo 6, kwamba tusitende mema mbele ya watu kwa kusudi la kutazamwa? Tena Bwana huyo huyo, sura moja tu kabla ya hapo, anataka nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yetu mema. Tuangaze tuonekane, lakini tusiangaze ili tuonekane. Kati ya maneno hayo mawili kuna njia nyembamba, nasi siku ile hatukuitafuta. Tulichukua jina la sarakasi, tukalitumia kama fimbo.

Wapendwa, haifai kumchapa mtu kwa fimbo tusiyoijua. Wengi wetu tunaijua sarakasi kwa kuwaona vijana wakipanda mabegani mwa wenzao na kujirusha viwanja vya shule siku ya sikukuu. Sarakasi ya hema, yenye bendi, farasi na bembea, ilianzia mbali na kwetu. Mwaka 1768 mwanajeshi mstaafu wa farasi, Philip Astley, alianza kuonyesha ufundi wake jijini London. Aliwaendesha farasi katika duara, kwa sababu farasi akikimbia kwa kuzunguka humsaidia mpanda kusimama mgongoni bila kuanguka. Duara lililotumika baadaye lilikuwa na upana wa mita 13 hivi, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Kwa hiyo hata umbo la uwanja wa sarakasi halikuchaguliwa kwa urembo. Lilichaguliwa ili mtu asidondoke.

Muziki nao ukaingia katika duara hilo, na ukawa muziki wa kasi ya ajabu. Mwaka 1897 Julius Fučík, kiongozi wa bendi ya jeshi aliyezaliwa Bohemia, alitunga machi ya kijeshi iliyokusudiwa kupigwa kwa fahari na taratibu. Watu wa sarakasi wakaichukua, wakaipiga mbio mbio, na leo ulimwengu mzima unaijua kama wimbo wa wachekeshaji kuingia uwanjani. Mmarekani Karl King, ambaye mwenyewe alipuliza ala katika bendi za sarakasi, aliandika machi nyingi za namna hiyo. Moja aliitunga mwaka 1913 kwa ajili ya sarakasi ya Barnum na Bailey. Ni muziki wa kumtoa mpulizaji jasho, midomo inawaka na vidole havipumziki. Anayeusikia kwa mara ya kwanza anaweza kusema, kama tulivyosema sisi, kwamba hawa ni watu wa kujionyesha tu.

Lakini tuwatazame kwa karibu. Watu wengi walioketi kwenye viti hudhani kwamba farasi wa sarakasi hucheza kwa kufuata muziki. Mambo yako kinyume. Farasi hufuata ishara za mkufunzi wake na mwendo wake mwenyewe, na bendi ndiyo inayomfuata farasi. Akibadilisha hatua, wapigaji hubadilisha mapigo papo hapo, hata wakiwa katikati ya wimbo. Mtu wa bembea akichelewa kuruka kwa sababu kamba haijatulia, ngoma humsubiri. Akiruka salama, matoazi hulia wakati ule ule mikono ya mwenzake inapomdaka. Mpigaji anayependa sauti yake mwenyewe kiasi cha kusahau kutazama juu hafai kazi hiyo hata siku moja. Noti lazima awe nazo kichwani, ili macho yawe huru kumtazama aliye hewani.

Hapo ndipo tulipoanza kuona aibu yetu. Tulidhani sarakasi ni shule ya majivuno. Kumbe kwa mpiga muziki ni shule ya kumwangalia jirani.

Yupo mtu mmoja ambaye habari zake zinafaa kukumbukwa. Merle Evans aliongoza bendi ya sarakasi kubwa ya Ringling huko Marekani kuanzia mwaka 1919, akaitumikia kazi hiyo kwa karibu miaka 50. Alikuwa na desturi ambayo wazee wetu wasingeipenda. Alipuliza tarumbeta yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aliwaongoza wapigaji. Mtu angemwona vile angesema, zile zile mbwembwe. Lakini mkono mmoja ulikuwa huru kwa sababu bendi ilihitaji kuongozwa, na bendi ilihitaji kuongozwa kwa sababu uwanjani palikuwa na watu ambao uhai wao ulitegemea wakati kushikwa sawasawa.

Alasiri ya tarehe 6 Julai 1944 sarakasi hiyo ilikuwa mji wa Hartford, katika jimbo la Connecticut. Watu wapatao 7,000 walikuwa ndani ya hema, wengi wao akina mama na watoto. Turubai la hema lilikuwa limepakwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa petroli, ili mvua isipenye. Onyesho likiwa limeanza, na watembea juu ya kamba wakiwa juu, Evans aliona mwali ukutani mwa hema. Hakupiga kelele. Aliiamuru bendi ianze machi ya John Philip Sousa, iliyotungwa mwaka 1896, ambayo watu wa sarakasi waliitunza kwa jambo moja tu, kutangaza hatari. Kila mfanyakazi wa hema aliposikia machi ile alijua kwamba kuna msiba, watu watolewe, wanyama waondolewe. Bendi iliendelea kupiga huku moto ukila turubai juu ya vichwa vyao, mpaka haikuwezekana tena kukaa pale. Hema liliteketea kwa dakika chache. Zaidi ya watu 160 walikufa siku ile, watoto wengi miongoni mwao, na mamia walijeruhiwa.

Hatuisimulii habari hii ili kuupamba msiba. Waliokufa walikufa, na turubai lile lilipakwa na watu waliopaswa kufikiri zaidi. Tunaisimulia kwa sababu inajibu sehemu ya swali letu. Kwa nini Evans ndiye aliyeuona moto mapema na kujua la kufanya? Kwa sababu kwa miaka 25 alikuwa amejizoeza kupiga huku akitazama. Kama macho yake yangekuwa juu ya vidole vyake, au juu ya nyuso za watu ili aone kama wanamsifu, mwali ule ungemkuta hana habari. Na kwa nini wapigaji wake waliweza kupiga machi ngumu huku moto ukiwaka? Kwa sababu ufundi wao ulikuwa umekwenda mbali kupita hofu. Mpigaji wa kubahatisha angeitupa ala yake. Ufundi uliopitiliza, ule tunaouita kujionyesha, siku ile ukawa huduma.

Katika waraka wake wa mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, Martin Luther alifundisha kwamba Mkristo haishi ndani ya nafsi yake. Kwa imani huishi ndani ya Kristo, na kwa upendo huishi ndani ya jirani yake. Matendo yetu mema hayamwongezei Mungu kitu. Anayeyahitaji ni jirani. Tukilileta fundisho hilo kwa mpiga tarumbeta, mambo hubadilika. Mungu hahitaji sauti ya juu ya tarumbeta yetu, na wala haimtishi. Swali la kumuuliza mpigaji si kama amepiga sana au kidogo, wala kama amesimama wima au amezunguka. Swali ni moja: ulipokuwa ukipiga, macho yako yalikuwa kwa nani?

Swali hilo lina pande mbili, na haki inatutaka tuuseme na upande wa wazee. Mwaka 1706, katika mji wa Arnstadt huko Ujerumani, viongozi wa kanisa la Kilutheri walimwita mpiga kinanda wao, kijana wa miaka 20. Walimlaumu kwamba anaingiza madoido mengi ya ajabu katika nyimbo za kanisa, anachanganya sauti za kigeni, mpaka usharika unapotea na haujui unaimba nini. Pia aliwahi kuambiwa kwamba utangulizi wake wa kinanda ni mrefu mno, naye akajibu kwa kuufanya mfupi kupita kiasi, kama afanyavyo kijana aliyekasirika. Mwaka uliofuata aliondoka akaenda mji mwingine. Jina lake ni Johann Sebastian Bach.

Ni rahisi kuwacheka viongozi wa Arnstadt, lakini hawakukosea yote. Ibada si onyesho. Katika hema la sarakasi kuna wanaotazama, waliolipa ili washangazwe, na kuna wanaotazamwa. Katika ibada hakuna mtazamaji. Bibi wa kiti cha nyuma asiyeweza kushika sauti naye ni mwimbaji, na wimbo ni wake kama ulivyo wa mpiga kinanda. Mpigaji anayempoteza bibi huyo, hata akiwa Bach, ameacha kumtazama aliye hewani. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza 14, anapima kila karama kwa kipimo cha kulijenga kanisa. Kwa hiyo kumwambia mpigaji, "Tumepotea, turudishe," ni haki ya usharika. Ni wajibu pia.

Lakini kumwambia mtu "umetupoteza" si sawa na kumwambia "wewe ni wa sarakasi." La kwanza linahusu jirani. La pili linamfungia mtu mlango. Bach aliendelea kulipigia Kanisa kinanda na kulitungia nyimbo, na mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu za maneno ya Kilatini yenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake. Madoido hayakumtoka. Yalipata mahali pa kutumika. Je, ni wangapi ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, wakazima?

Na sisi wachungaji tusijifanye kwamba hatuyajui mambo haya. Nani asiyejua namna ya kuishusha sauti pale mimbarini mpaka watu wainue shingo, halafu kuipandisha ghafla? Nani hajawahi kuongeza neno moja la Kigiriki ambalo usharika haukulihitaji? Nani hajawahi kukaa kitini baada ya mahubiri akisubiri kwa siri mtu aje aseme, "Leo umehubiri, Baba Mchungaji"? Tarumbeta ya kijana yule ilizunguka mara moja kwa Pasaka. Sisi huzunguka kila Jumapili, ila kwa kuwa tumevaa kanzu hakuna anayeita sarakasi. Tena sarakasi ina uaminifu mmoja ambao sisi huukosa: inaandika mlangoni kwamba hili ni onyesho.

Hivyo tukisubiri moyo usio na chembe ya majivuno ndipo tupige, hakuna atakayepiga, na tukisubiri moyo kama huo ndipo tuhubiri, mimbari zitabaki tupu. Sisi Walutheri tunakiri kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Vidole vya mpigaji navyo viko hivyo hivyo. Humo mna kumsifu Mungu, na mna kutaka kutazamwa. Dawa si kuvifunga vidole. Dawa ni kuyageuza macho, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, yamwelekee mwingine. Kazi hiyo haifanyiki kwa barua ya onyo. Hufanyika kwa mtu kufundishwa, kupewa nafasi, kusahihishwa na kupendwa.

Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, kinatusimulia Daudi alivyocheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana, na Mikali, mkewe, alivyochungulia dirishani akamdharau moyoni. Kila tunaposoma habari hiyo sisi hujiweka upande wa Daudi. Ni vizuri tukumbuke kwamba Baraza letu nalo lina dirisha.

Miezi kadhaa baada ya kikao kile tulialikwa harusini upande wa pili wa mji. Bendi ya matarumbeta ilikodiwa kumsindikiza bibi harusi, na mbele ya bendi alikuwa yule kijana wetu. Alipiga kwa mkono mmoja. Alizunguka. Alifanya yote tuliyomkataza na mengine ambayo hatukuwahi kuyaona, na watu walimtunza noti mpaka mifukoni hapakuwa na nafasi. Tulisimama pembeni, na kusema kweli moyoni tulianza tena kusema neno lile lile.

Ndipo nyanya wa bibi harusi alipoinuka kitini. Alikuwa mzee sana, mwenye fimbo, na magoti yake yalikuwa yamechoka, lakini alitaka kucheza. Bendi ilikuwa katika mwendo wa kasi. Kijana yule alimwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliushusha mkono wake uliokuwa juu, na ngoma zikapunguza. Akaushusha zaidi, zikapunguza zaidi, mpaka wimbo ule ule uliokuwa unakimbia ukawa unatembea kwa hatua za bibi. Bibi akisimama, tarumbeta inashikilia sauti moja ndefu kumsubiri. Akiinua mguu, ngoma inagonga pale pale mguu unapotua. Alicheza pengine dakika mbili. Hakuanguka. Aliporudishwa kitini, mkono ukainuka na mbio zikarudi.

Baadaye tulimfuata pale bendi ilipokuwa inakunywa soda. Alisimama haraka, akasema, "Shikamoo, Mchungaji." Tulimuuliza ni nani aliyemfundisha kumfuata mchezaji namna ile. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Nilijifunza kanisani, Mchungaji. Tukiwasindikizia wimbo wazee wanaokwenda kutoa sadaka. Ukiangalia tarumbeta tu, bibi anaanguka."

Miaka yote hiyo, kila Jumapili, alikuwa akiwatazama wazee wetu wanavyotembea kwenda kwenye sahani ya sadaka, na kuwapigia kwa hatua zao. Sisi tuliokuwa mbele, tukitazama, hatukuwahi kuliona hilo. Tuliuona mkono mmoja tu, siku moja.

Tulimwomba msamaha pale pale, na kikao kilichofuata tuliliambia Baraza kwamba tumeuomba kwa niaba ya wote. Mzee aliyesema yale maneno alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba tarumbeta iliyo kabatini isipewe mtu mwingine kwanza. Tumemwomba kijana awafundishe watoto wa Jumapili kupuliza. Amesema atafikiri. Mpaka tunapoandika haya bado hajarudi, na hatuna haki ya kumharakisha.

Kanisa si sarakasi, ni kweli. Lakini wapiga muziki wa sarakasi wanajua jambo ambalo Kanisa halipaswi kulisahau: wakati wote yuko mtu hewani. Leo ni bibi mwenye magoti mabovu, kesho ni mjane katika kiti cha tatu, keshokutwa ni kijana mwenye tarumbeta. Bwana atusaidie kuwa na ufundi wa kutosha ili macho yetu yawe huru kumwona.